Samadi nayo ni mbolea: tuipime na kuifundisha

Kila mvua za masika zinapokaribia katika miteremko ya Mlima Kenya, neno linalosikika kuliko mengine yote sokoni, redioni na katika mikutano ya hadhara ni mbolea. Wakulima wa Timau, Nanyuki, Naro Moru na Kieni huulizana kama imefika ama haijafika, inauzwa bei gani, na foleni yake ina urefu gani. Hakuna anayehitaji kuelezwa ni mbolea ipi inayozungumzwa. Ni ile ya kiwandani, iliyotiwa katika mfuko wa kilo 50 wenye herufi na tarakimu ubavuni. Ile nyingine, iliyorundikwa nyuma ya zizi ikinyeshewa na kupigwa na jua, haiulizwi wala haitajwi.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na bidhaa ninayoifanyia kazi ni maneno. Huenda msomaji akauliza maneno yana uhusiano gani na viazi vya Timau. Jibu langu ni kwamba jamii hupanga matumizi yake ya fedha, mitaala yake na utafiti wake kwa kufuata majina na vipimo ilivyoyapa mambo. Kitu chenye kipimo huingia katika bajeti. Kitu kisicho na kipimo hubaki kuwa desturi tu, na desturi haina wa kuigharamia. Hayo ndiyo yaliyoipata samadi, na gharama yake inalipwa na udongo, na kiazi, na mkulima mwenyewe.

Tulitazame neno lenyewe. Katika lugha nyingi za Kibantu, kuanzia Kongo hadi Zambia, mzizi -bol- unahusu kuoza, na si vigumu kuuona ndani ya neno letu mbolea. Kwa mtazamo huo, mbolea ni kile kilichooza kikarudi ardhini kukilisha kinachoota. Samadi nalo ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana hiyo hiyo ya kirutubisho cha shamba. Baadaye viwanda vilileta bidhaa yao, nasi tukaipa jina lililokuwapo. Katika mazungumzo ya kila siku Wakenya wengi hujaribu kuzitenganisha kwa kuiita ile ya dukani fatalaiza, lakini katika magazeti, matangazo na hotuba, mbolea ya mfuko imelitwaa jina lote. Serikali ilipotangaza mwezi Septemba 2022 kwamba bei ya mbolea imeteremshwa hadi shilingi 3,500 kwa mfuko, na tena mwezi Agosti 2023 hadi shilingi 2,500, hakuna aliyedhani kwamba inayozungumziwa ni samadi. Mwenyeji ameondolewa kitini, na mgeni ameketi.

Sisemi haya kwa kuichukia mbolea ya kiwandani. Bei ya mfuko ilikuwa imepita shilingi 6,000 mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga biashara ya dunia, na ruzuku ile iliwaokoa wengi waliokuwa tayari kuacha mashamba yao yakiwa vichaka. Ninachosema ni kwamba mfuko ule haukuumbwa kufanya kazi yote tunayoitwika, na kwamba kazi iliyobaki ina mwenyewe, naye tumemwacha nyuma ya zizi.

Timau iko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, katika Kaunti ya Meru, kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda mjini Meru. Ni nchi ya juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yenye asubuhi za baridi na udongo uliotokana na volkeno. Ngano na shayiri huenea hadi upeo wa macho, mashamba ya maua yamejifunika plastiki, na baina ya hayo wako wakulima wadogo wa ekari moja au mbili ambao tegemeo lao ni waru, kama kiazi kiitwavyo huku mlimani. Hata mbegu ya viazi iliyoidhinishwa huzalishwa papa hapa, katika shamba la Kisima. Lakini mlima huo huo uwaleteao mito huwazuilia sehemu ya mvua, kwa kuwa upande huu hupata mvua haba kuliko pande za kusini na mashariki. Mvua ikikatika kwa wiki mbili katika wakati ambao viazi vinatunga, mkulima asiye na maji ya kunyunyizia huanza kuhesabu hasara.

Na kiazi si zao la pembeni. Nchini Kenya ni chakula cha pili baada ya mahindi. Hata hivyo, wastani wa mavuno ya mkulima mdogo ni tani 10 hivi kwa hekta, pengine chini ya hapo, ilhali penye mbegu safi na matunzo mema hekta moja huweza kutoa tani 30 hadi 40. Pengo hilo lina sababu nyingi. Mbegu chafu inayorudiwa msimu baada ya msimu ni mojawapo. Mnyauko wa bakteria na ukungu unaoyaunguza majani ni nyingine. Anayedai kwamba samadi peke yake italiziba pengo lote anawahadaa watu. Lakini hata mbegu iliyo bora kabisa ikipandwa katika udongo uliochoka, itazaa kwa kadiri ya uchovu huo.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya sekondari anaweza kuirudia ubaoni. Mkulima avunaye magunia 80 ya kilo 50 katika ekari moja amevuna tani 4. Kila tani ya viazi huondoka shambani na takriban kilo 5 za potashi, kirutubisho chenye potasiamu, ambayo kiazi huihitaji kuliko mazao mengi ya chakula. Kwa hiyo tani 4 zimebeba kilo 20 za potashi. Sasa tutazame kilichorudishwa. Pendekezo lililozoeleka ni mifuko 4 ya DAP kwa ekari. Tarakimu zilizo ubavuni mwa mfuko huo, yaani 18-46-0, maana yake ni asilimia 18 ya naitrojeni, asilimia 46 ya fosfati, na sufuri ya potashi. Mkulima amelipa, amebeba, amemwaga kilo 200, na kwa upande wa potashi hakurudisha hata gramu moja. Akifanya hivyo kwa miaka 10, misimu miwili kila mwaka, ametoa kilo 400 bila kurudisha kitu. Udongo wa volkeno mara nyingi huanza ukiwa na akiba kubwa ya potasiamu, na ndiyo sababu hasara haionekani mapema. Lakini akiba inayotolewa tu bila kuwekwa ina mwisho wake.

Sasa tuigeukie samadi. Viazi vikipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja huchukua mashimo yapatayo 18,000. Tukitia gramu 250 za samadi iliyoiva katika kila shimo, yaani kiasi cha konzi mbili za mtu mzima, tutakuwa tumetumia tani 4.5. Samadi ya ng'ombe iliyotunzwa kwa kadiri huwa na takriban kilo 5 za naitrojeni, kilo 2 hadi 3 za fosfati na kilo 5 za potashi katika kila tani, ingawa viwango hivyo hupanda na kushuka kulingana na lishe ya mnyama na jinsi samadi ilivyohifadhiwa. Tani 4.5, basi, zinarudisha kilo 22 hivi za potashi. Deni la magunia 80 limelipwa. Naitrojeni iliyomo hutoka polepole, sehemu yake msimu huu na sehemu misimu ijayo, kama mshahara unaolipwa kwa awamu.

Faida haiishii hapo. Mbolea zenye amonia, na DAP ni mojawapo, huongeza asidi udongoni kadiri bakteria wanavyoigeuza amonia hiyo kuwa naitreti. Kiazi huvumilia asidi kiasi, na hustawi pH ikiwa kati ya 5 na 6.5, lakini ikizidi kushuka, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi. Udongo wa volkeno nao una tabia yake: huishika fosforasi kwa nguvu, hivi kwamba sehemu kubwa ya ile aliyoinunua mkulima hufungiwa ndani kabla mizizi haijaifikia. Mabaki ya viumbe yaliyooza hugombea nafasi zile zile zinazoishika fosforasi, na kwa kufanya hivyo huiachia mizizi fungu kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba samadi huufanya hata mfuko wa DAP uwe na thamani kubwa kuliko ungekuwa peke yake. Wawili hawa si maadui. Waliowagombanisha ni wauzaji na mashabiki.

Halafu kuna maji. Mizizi ya viazi haiendi mbali chini, na kwa hiyo zao hili huona kiu mapema. Udongo wenye mboji hufyonza mvua badala ya kuiacha itiririke mteremkoni, na huitunza kwa siku kadhaa zaidi. Katika upande mkavu wa mlima, siku hizo ndizo zinazotenganisha mavuno na hasara. Vile vile hugusa ubora wa kiazi chenyewe, kwa maana maji yanayokuja kwa vipindi vya njaa na shibe hukifanya kiazi kipasuke, kiote vinundu, au kiwe na uwazi katikati. Mnunuzi wa Nairobi anayetaka kukaanga vibanzi hakisamehi kiazi cha namna hiyo. Hukichagua kando, na mkulima hulipwa kwa vilivyobaki.

Ubora una upande mwingine ambao wakulima wengi wameuona bila kuelezwa sababu yake. Potasiamu ya kutosha hukisaidia kiazi kustahimili mikwaruzo ya safari, nyama yake isipate madoa meusi. Naitrojeni iliyozidi, kwa upande wake, hukuza majani mengi ya kupendeza macho, huchelewesha kukomaa, na hutoa viazi vyenye maji mengi na mada kavu kidogo. Viazi hivyo hunyonya mafuta vikikaangwa na huoza upesi ghalani. Nami naongeza tahadhari hii kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kitu cha asili hakina kupita kiasi. Samadi ya kuku ina naitrojeni mara kadhaa kuliko ya ng'ombe. Mwenye kuimwaga kwa matoroli bila kipimo atavuna majani. Tukumbuke pia kwamba mbolea haibadilishi aina ya mbegu. Shangi, aina inayopendwa sana na wakulima kwa kukomaa na kuiva upesi jikoni, itaendelea kuchipua mapema baada ya kuvunwa, hata ikilelewa kwa samadi bora kuliko zote.

Je, hoja hii ina ushahidi wa muda mrefu, au ni mapenzi tu ya mambo ya kale? Ushahidi upo, na mwingine uko karibu nasi. Huko Kabete, nje kidogo ya Nairobi, watafiti wa taifa walianzisha mwaka 1976 jaribio la kupima mbolea ya kiwandani, samadi na mabaki ya mazao katika mashamba ya mahindi na maharagwe, kila moja peke yake na kwa pamoja. Zao si kiazi, lakini somo linahusu udongo. Kwa miaka mingi, mashamba yaliyotiwa samadi pamoja na mbolea ya kiwandani ndiyo yaliyotoa mavuno ya juu zaidi. Kaboni ya udongo ilipungua hata hapo, jambo linaloonyesha jinsi kilimo cha kila msimu kinavyoila ardhi. Kwingineko, katika kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, kipande cha shamba la shayiri kilitiwa samadi kila mwaka kati ya 1852 na 1871, kisha kikaachwa. Tofauti yake na jirani yake ambaye hakutiwa kitu iliendelea kupimika kwa zaidi ya miaka 100. Mkulima anayeweka samadi leo anawawekea wajukuu wake.

Lakini samadi ina masharti, na hapa ndipo desturi bila elimu inapotuangusha. Rundo lililoachwa wazi nyuma ya zizi hupoteza naitrojeni hewani kama mvuke wa amonia, ile harufu kali inayochoma pua, na potasiamu yake huoshwa na mvua hadi mtoni. Mkojo wa ng'ombe una karibu nusu ya naitrojeni na sehemu kubwa ya potasiamu inayotoka kwa mnyama, nao katika mazizi yetu mengi hupotelea ardhini. Kwa hiyo mkulima anayebeba samadi iliyokaa mwaka mzima uchi, mara nyingi hubeba makapi na mchanga, kisha husema samadi haina nguvu. Haina nguvu kwa sababu nguvu yake ilikwisha kumwagika.

Dawa ya jambo hili haihitaji mkopo wa benki. Sakafu ya zizi itandikwe majani makavu au mabua yanyonye mkojo. Rundo lifunikwe kwa nyasi, karatasi ya plastiki au paa la kujengea mwenyewe. Anayetengeneza mboji apange tabaka za vitu vikavu, kama mabua ya ngano na mahindi, na vitu vibichi, kama samadi na majani mateke, ili uwiano wa kaboni na naitrojeni uwe karibu 25 au 30 kwa 1. Unyevu wake uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Rundo likipangwa vizuri hupata joto la nyuzi 55 hadi 65, na joto hilo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Fimbo ndefu ikichomekwa katikati na kuachwa humo, ndiyo kipimajoto cha mkulima. Ikichomolewa na kukutwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi, rundo lipinduliwe au liongezewe maji. Miezi mitatu hivi, na zaidi kidogo katika baridi ya Timau, mboji huwa nyeusi, laini, yenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu yeyote wa kilimo anapaswa kulirudia hadi wanafunzi wachoke kulisikia. Viazi vilivyougua mnyauko wa bakteria, maganda yake na mashina yake, visilishwe ng'ombe na wala visitiwe katika rundo la mboji. Bakteria hao huweza kurudi shambani ndani ya samadi, na wakishaingia katika udongo kuwatoa ni kazi ya miaka. Vile vile samadi mbichi isitiwe shimoni pamoja na mbegu. Huweza kuunguza machipukizi, huleta magugu, na pamoja na ukavu hukaribisha ugonjwa wa upele unaokikwaruza kiazi ngozi na kukishusha bei.

Pana kikwazo kingine, nacho ni wingi. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa kilo 20 hivi za kinyesi kwa siku, lakini kinyesi kibichi ni maji kwa sehemu kubwa, na rundo hupungua uzito zaidi ya nusu kabla ya kuiva. Mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuitosheleza ekari yake misimu yote miwili. Ndiyo maana malori hupanda mlimani kutoka pande za Isiolo na Laikipia yakiwa yamejaa samadi ya mbuzi na ng'ombe wa wafugaji. Biashara hiyo ina faida kwa pande zote mbili, lakini tuielewe ilivyo: rutuba inayoshuka katika shamba la Timau imeondoka katika malisho ya mtu mwingine. Isitoshe, samadi hiyo huuzwa kwa lori. Haipimwi kwa kilo, na hakuna anayejua ni sehemu gani ya shehena iliyo mchanga. Kwa hiyo njia ya busara ni kuchanganya: samadi iliyoiva kama msingi, mbolea ya kiwandani kwa kiasi kilichopunguzwa baada ya kupima udongo, na mzunguko wa mazao wenye jamii ya kunde. Katika sehemu za chini kuna hata alizeti pori, ua la manjano liotalo kando ya njia, ambalo majani yake yana naitrojeni na potasiamu nyingi. Watafiti waliokuwa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 walilionyesha kuwa mbolea ya kijani yenye manufaa makubwa.

Udhaifu wa vipimo una hatari nyingine ambayo nchi yetu imekwisha kuionja. Mwezi Machi na Aprili 2024 taifa lilifadhaika ilipobainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima chini ya mpango wa bei nafuu haikuwa na ubora ulioahidiwa. Jambo hilo lilifika Bungeni, na wakulima wakaahidiwa fidia. Tangu hapo kila muuzaji amejifunza kutaja usafi wa bidhaa yake, na maduka ya pembejeo yamejaa chupa na mifuko inayojisifu kuwa ni ya asili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno asili si kipimo. Mkulima ana haki ya kusoma, katika lugha anayoielewa, kiasi cha naitrojeni, fosfati na potashi kilichomo, kiasi cha maji, na kitu kilichotumika kuitengeneza. Maandishi ya mifuko mingi yako kwa Kiingereza, na hata tarakimu 18-46-0, ambazo hazina lugha, hazijafafanuliwa kwa mtu anayetoa fedha zake.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Somo la Kilimo katika shule zetu za sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hodari wa Timau hueleza uwiano wa kaboni na naitrojeni katika karatasi ya mtihani na kupata alama zote. Arudipo nyumbani Ijumaa jioni, akamkuta bibi yake akibeba samadi mbichi kwa karai, hana maneno ya kumwambia. Mkulima wa Kieni huiita samadi thumu. Kitabu kina jina la Kiingereza. Kati ya hao wawili palipaswa kuwa na Kiswahili, nacho kina maneno ya kutosha: samadi, mboji, uwiano, unyevu, kirutubisho, mada kavu. Maarifa yaliyolipiwa karo yanaishia langoni mwa shule kwa kukosa daraja la lugha. Sidai kwamba tuache Kiingereza. Nadai kwamba kila mwanafunzi anayejifunza jambo la udongo alifundishe tena nyumbani kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, na kwamba mwalimu alihesabu tendo hilo kuwa sehemu ya somo.

Njia ya kuanzia ipo. Vyama vya 4-K, vilivyofufuliwa rasmi mwaka 2021, vina jina la Kiswahili na wito wa Kiswahili: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Shule yenye kipande kidogo cha ardhi inaweza kuandaa vitalu vinne. Cha kwanza kisitiwe kitu, cha pili kitiwe DAP peke yake, cha tatu samadi iliyoiva peke yake, na cha nne samadi pamoja na nusu ya DAP. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, na vitalu virudiwe mara tatu katika sehemu mbalimbali ili bahati isije ikajifanya elimu. Wakati wa kuvuna, viazi vipimwe kwa mizani, vikubwa na vidogo mbalimbali. Vichache vikatwe kutazama uwazi wa ndani, vingine vihifadhiwe miezi miwili vihesabiwe vilivyooza. Mwalimu wa Hisabati atapata wastani na asilimia. Mwalimu wa Sayansi atapata asidi na bakteria. Mwalimu wa Kiswahili atapata ripoti, na siku ya wazazi wanafunzi wataisoma mbele ya wakulima wenyewe.

Msisitizo wangu uko katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hivyo ndivyo rutuba ya milima yetu inavyopotea. Msimu mmoja hautoshi kuamua jambo, kwa kuwa samadi hufanya kazi polepole na mvua hubadilika. Shule, hata hivyo, ina kitu ambacho mkulima mmoja mmoja hana: inadumu. Kidato kimoja kinatoka, kingine kinaingia, na kitalu ni kile kile. Shule itakayotunza daftari la namna hiyo kwa miaka 10 itakuwa na maarifa juu ya udongo wa Timau ambayo hayapatikani katika mfuko wowote.

Kwa serikali nina maombi mawili. Chini ya Katiba ya 2010 huduma za kilimo ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti za Meru, Laikipia na Nyeri ziwape wakulima na shule nafasi ya kupimiwa udongo na samadi kwa gharama wanayoiweza, na majibu yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Nayo serikali ya taifa, inapopanga ruzuku ijayo ya mbolea, itenge fungu kwa ajili ya samadi: paa la zizi, mizani, na afisa wa kufundisha. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006, mkutano wao ulikuwa wa mbolea tu. Walipokutana tena jijini Nairobi mwezi Mei 2024, walikuwa wameongeza afya ya udongo katika jina la mkutano. Nafurahi kwamba neno limepanuliwa. Sasa na bajeti ilifuate neno.

Wakati huo ukingojewa, hakuna sheria inayomzuia mwalimu kuazima mizani na kupima vitalu vinne. Mvua haitangoji ruzuku, na mbegu ikishapandwa itakula kile ilichokikuta ardhini.